Uzi maalumu: Paneli za ngozi ukutani, kagua mgongo wake kabla ya kupenda uso wake

FundiMakochi_Dar (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Paneli za ukutani zenye sura ya ngozi zimeshika kasi mjini: nyuma ya kitanda, nyuma ya TV, mapokezi ya ofisi, saluni, hadi vyumba vya kupangisha kwa siku. Mimi ni fundi makochi, na kazi za ukutani siku hizi zinakaribia kulingana na za makochi. Ni kazi ninayoipenda. Ukuta uliovikwa vizuri hukituliza chumba, hupunguza mwangwi, na humpa mtu mahali laini pa kuegemea akisoma au akinyonyesha.

Tatizo ni kwamba mteja huja na picha kwenye simu, anauliza rangi na mchoro, na fundi anamjibu rangi na mchoro. Kinachoamua kama kazi itadumu au itaanza kuchubuka baada ya masika mawili hakimo kwenye picha: aina ya hiyo "ngozi", sponji, ubao wa nyuma na ukuta wenyewe. Nataka tuzungumze hayo, hasa kwa sisi tunaoishi na joto na unyevu wa pwani.

Nianze na ngozi yenyewe. Nyingi tunazouziwa ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki hiyo ni ama PVC au PU. PVC ni nzito kidogo, ngumu mkononi, na ikiwa mpya hunuka plastiki. Inastahimili maji vizuri, lakini imelainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka taratibu kadiri miaka inavyokwenda, hasa panapopiga jua. Yakishatoka inakakamaa na kupasuka. PU ni laini, hukunjika kama ngozi ya kweli, na ndiyo inayopendwa kwa sura yake. Adui yake ni unyevu wa hewa. Mvuke huvunja PU ya kawaida kutoka ndani, tabaka la juu linaanza kubanduka vipande vipande, na hapo hakuna dawa wala rangi ya kuirudisha. Kuna PU zilizotengenezwa kuhimili unyevu, zile za polikaboneti, na viwanda huzipima kwa kuziweka wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 95. Muulize muuzaji kama ana karatasi ya kipimo hicho. Wengi hawana, lakini aliye nayo anauza kitu anachokijua.

Jambo moja ambalo watu hawalitarajii: PU huzeeka hata ikiwa imeviringishwa dukani. Saa yake inaanza kuhesabu ikitoka kiwandani, si siku unapoibandika. Kwa hiyo ukikuta roli la bei ya kutupa lililolala stoo muda mrefu, kunja kona yake kwa nguvu mara kadhaa, kwaruza kwa kucha kwenye mkunjo, tazama. Likitoa nyufa nyembamba au unga, liache hapo hapo.

Ngozi halisi ya ng'ombe ni habari nyingine. Huuzwa kwa futi za mraba, na ngozi nzima ya ng'ombe iliyokamilika kutengenezwa huwa kwenye futi 40 hadi 50 hivi. Ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7 ni futi 87 za mraba, na kwa kuwa ngozi haina umbo la mstatili na ina makovu ya kupe, fimbo na alama za moto, hesabu ngozi tatu. Ndiyo maana kwa wengi wetu haifai ukuta mzima. Inafaa sana kwa kipande: mstari mmoja juu ya kitanda, au mlango wa kabati.

Hili la kuvika kuta ngozi si la Instagramu. Mafundi wa Córdoba, Hispania, walikuwa wakitengeneza ngozi za ukutani tangu enzi za Waislamu wa Andalusi, na karne ya 17 Waholanzi wakawa mabingwa wa ngozi zenye michoro iliyoinuka. Ile dhahabu inayong'aa kwenye ngozi hizo ni karatasi nyembamba ya fedha iliyopakwa vanishi ya njano. Walizipenda kwenye vyumba vya kulia chakula kwa sababu hazishiki harufu kama mazulia ya ukutani. Nawaomba mzingatie walivyozifunga: nyingi zilipigiliwa misumari kwenye fito za mbao, hazikugandishwa ukutani. Nyuma yake palibaki nafasi ya hewa. Baadhi zipo hadi leo, mfano ni kwenye jumba la kifalme la Wawel, Kraków, Poland. Hata kuiga ngozi kwa kitu cha bei nafuu si jambo jipya. Wajapani waliiga ngozi za Waholanzi kwa karatasi nzito na kuziuza Ulaya, na mwaka 1877 Mwingereza Frederick Walton, yule yule aliyebuni linoliamu ya kutandika sakafuni, akaleta Lincrusta, mchanganyiko wa mafuta ya kitani na unga wa mbao unaopigwa chapa ya michoro. Nyumba zenye Lincrusta ya karne ya 19 bado zipo Uingereza.

Sasa ukuta. Hapa ndipo kazi nyingi za Dar, Tanga na Zanzibar zinapofia. Nyumba nyingi zimejengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, rangi inavimba, chumvi nyeupe inatoka. Mwenye nyumba anaona aibu ya ukuta huo na anataka paneli zifunike. Ukifunika ukuta unaotoa maji kwa kitu kisichopitisha hewa, umefungia maji ndani. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inavimba kama mkate uliolowa, ukungu unaota nyuma, na chumba kinaanza kunuka kabla hujaona doa lolote.

Pima kwanza. Chukua karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wako una maji: tibu ukuta, paneli baadaye. Yakiwa upande wa nje, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, na dawa yake ni madirisha. Ikiwa kavu pande zote, endelea. Kipimo hiki kinakugharimu nailoni na selotepu tu, na sijui kwa nini hakifanywi kila nyumba.

Kwa ubao wa nyuma, pwani napendekeza plaiwudi ya milimita 9 au 12 inayohimili maji. MDF ni nzuri kwa unyoofu wake, lakini iache kwa Arusha, Dodoma, Iringa na kwingineko kwenye hewa kavu, na hata huko ipake kingo zake rangi au vanishi kabla ya kuivika.

Nitaendelea na vipimo na ufungaji. Karibuni maswali.

---

Mama_Twaha

Ahsante fundi, umenifungua macho. Mimi nimepanga, chumba mita 3 kwa 3, ukuta wa kitandani nataka niuvike hadi nusu tu. Nikiuliza bei kila mtu ananitajia yake. Nitajuaje naibiwa au la?

---

FundiMakochi_Dar

Mama Twaha, karibu sana dada. Bei siwezi kukuwekea hapa maana inabadilika duka kwa duka, ila nakupa hesabu ya vifaa. Ukishakuwa na hesabu, utampa kila fundi karatasi ile ile na utaona nani anakupa bei ya kweli.

Ukuta wa mita 3, kimo cha mita 1.5. Gawa kwa paneli za sentimita 50 kwa 50: safu tatu, kila safu sita, jumla 18. Kwa nini 50 na si 60? Roli nyingi za ngozi bandia zina upana wa sentimita 137. Paneli ya 60 yenye sponji ya sentimita 2.5 na plaiwudi ya milimita 12 inahitaji kama sentimita 7 za ziada kila upande za kukunjia nyuma, inakuwa 74. Kwenye upana wa 137 inatoka moja tu, na karibu nusu ya roli inakwenda na uchafu. Ya 50 inakuwa 64, zinatoka mbili. Kwa paneli 18 ni jozi tisa, kila jozi urefu wa sentimita 64, hivyo mita 5.76. Nunua mita 6. Fundi akikwambia mita 10, muombe akuchoree.

Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya 50 kwa 50, kwa hiyo shiti tatu, na utabakiwa na vipande sita. Usimwachie. Vinatosha stuli mbili au viti vya watoto. Mwambie akate kila ubao pungufu kwa milimita 3, kwa sababu ngozi inakula nafasi kila upande na safu ya paneli sita bila kupunguza haitaingia kwenye mita 3.

Kwa kuwa umepanga, usikubali gundi ukutani kabisa. Kuna njia ya kutundika: unachukua ubao, unaupasua katikati kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja inafungwa ukutani kwa skrubu, mdomo wake ukitazama juu, nusu nyingine inafungwa nyuma ya paneli ikitazama chini. Paneli inaning'inia yenyewe kwa uzito wake. Fungeni kuanzia chini kwenda juu. Siku unahama unazinyanyua moja moja, unaziba matundu ya skrubu, unaondoka na mali yako. Na ule unene wa ubao ndio nafasi ya hewa niliyoisema juu.

Faida nyingine: safu ya katikati ndiyo inayoguswa na kichwa. Mafuta ya nywele na jasho hula PU haraka kuliko kitu kingine chochote chumbani. Zikichakaa hizo sita unavua ya juu yake, unashusha, unavika upya zile tu. Kwa hiyo hifadhi kipande cha roli lile lile, maana rangi ya roli la mwakani haitalingana.

---

Kisauni_Mwenyeji

Ndugu yangu fundi, huku Mombasa tuna hoteli na nyumba za wageni zinazowasha kiyoyozi usiku na mchana. Nimeona vyumba vilivyovikwa reksini ukuta mzima, ukuta wa nje mkavu, hakuna bomba linalovuja, na bado ukibandua nyuma ni weusi wa ukungu mtupu. Huo unyevu hutoka wapi?

---

FundiMakochi_Dar

Swali zuri mno, na ndilo linalowagharimu wenye hoteli wengi wa pwani.

Nje hewa ni ya moto na imejaa mvuke. Ndani kiyoyozi kimeshusha joto na kukausha hewa. Mvuke siku zote hukimbilia penye ukavu, kwa hiyo unapenya tofali kutoka nje kuja ndani. Ungekuta rangi ya kawaida, ungepita ukaingia chumbani, na kiyoyozi kingeutoa kama maji kwenye bomba lake. Ukikuta PVC iliyogandishwa ukuta mzima, unakwama. Na PVC hiyo imepozwa na chumba, kwa hiyo mvuke unageuka matone pale pale nyuma yake. Gundi, vumbi na karatasi vinakuwa chakula cha ukungu. Jambo hili lilishawasumbua sana wenye mahoteli wa kusini mwa Marekani, Florida na kwingineko kwenye joto na unyevu, waliovika kuta za nje kwa karatasi za vinaili, yaani PVC hiyo hiyo.

Ushauri wangu kwa chumba chenye kiyoyozi cha kudumu: paneli ziwe kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha chumba na chumba, si ukuta unaopigwa na jua na mvua. Ikibidi ukuta wa nje, zitundikwe, ziache upenyo juu na chini, na usivike kuanzia sakafuni hadi dari. Kiyoyozi chenyewe kisiachwe kwenye nyuzi 16. Kadiri unavyopoza ukuta ndivyo unavyovuta matone.

---

Bi_Shangani

Mwanangu, hizi nyumba zetu za Mji Mkongwe za mawe na chokaa, na kuta zake nene, je, zinakubali? Mjukuu wangu ameng'ang'ania anataka chumbani kwake.

---

FundiMakochi_Dar

Shikamoo Bibi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinaishi kwa kupumua: zinanyonya unyevu na kuutoa. Zikizibwa, chokaa hulainika na kuanza kumeguka kwa ndani, na marekebisho yake ni gharama kubwa kuliko samani yoyote. Kwa hiyo ukutani, hapana. Na kwa nyumba zilizo ndani ya eneo la urithi, kubadilisha kuta kuna taratibu zake, ni vyema kuuliza kwanza.

Mtengenezee mjukuu ubao wa kichwani wa kitanda, mkubwa, wa upana wa kitanda na zaidi, unaosimama kwenye miguu yake mwenyewe, sentimita tano hivi mbali na ukuta. Ataipata sura anayoitaka, ukuta utabaki salama, na siku akiingia na mawazo mapya anausogeza.

---

Kinondoni_Beats

Mkuu, mimi nina studio ndogo ya kurekodi uani. Nataka nivike kuta zote na dari kwa ngozi na sponji ili majirani wasisikie. Sponji inchi ngapi?

---

FundiMakochi_Dar

Kaka, hapa nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu mbili, na ya pili ni ya uhai.

Ya kwanza: sponji haizuii sauti kutoka. Inapunguza mwangwi ndani ya chumba. Kinachozuia sauti isifike kwa jirani ni uzito na kuziba matundu: tofali lililojazwa, mlango mzito, mpira kwenye kingo za mlango, dirisha la vioo viwili. Bass inapita sponji ya inchi nne kama haipo. Na ukishaivika ngozi bandia, sauti kali za juu zinagonga ile plastiki na kurudi. Kwa studio, kitambaa cha kawaida kinachopitisha hewa ni bora kuliko ngozi, na ndani yake pamba ya mawe ni bora kuliko sponji.

Ya pili ni moto. Sponji ya poliuretani isiyotiwa dawa ya kuzuia moto huwaka kwa kasi ambayo mtu asiyeiona hawezi kuamini, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi. PVC ikiungua inatoa gesi ya tindikali inayochoma macho na koo hadi mtu haoni mlango ulipo. Mwaka 2003 huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji ya kuzuia mwangwi iliyobandikwa ukutani kwenye klabu ya The Station, watu 100 wakafa. Januari 2013 klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazil, sponji ya darini, watu 242. Wengi waliuawa na moshi. Chumba kimoja chenye mlango mmoja, kuta na dari zimevikwa sponji, nyaya za umeme zimejaa, ndicho hicho unachonielezea. Mimi sitaifanya kazi hiyo, na nawaomba mafundi wenzangu msiifanye.

Dari usivike kamwe. Na kwa yeyote mwenye ukumbi, baa, saluni au nyumba ya ibada: omba vifaa vyenye cheti cha moto. Kwa kipimo cha Ulaya madaraja yanaanza A1 kushuka hadi F, tafuta B au juu yake. Hakuna cheti? Kata kipande, kipeleke uwanjani mbali na watu, kiwashie kiberiti ukiwa na maji karibu. Kikiendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto baada ya kutoa kiberiti, usikiweke ukutani.

---

Kinondoni_Beats

Nimekuelewa mkuu. Naachana na dari, naanza na mlango kwanza.

---

Mchoraji_Moshi

Mimi ni mbunifu wa ndani. Nakubaliana na fundi karibu kote, ila naongeza upande wa macho, maana naona kuta zinavikwa vizuri na bado chumba kinakuwa kizito.

Sura ya ngozi inaishi kwa mwanga wa pembeni. Taa moja katikati ya dari ikipiga moja kwa moja kwenye PVC inayong'aa, ukuta unaonekana umelowa. Weka taa mbili za ukutani, mwanga wa njano kidogo, wa kati ya kelvini 2,700 na 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), ukiteremka juu ya paneli, ndipo vinyweleo na mikunjo vitaonekana. Chagua uso usiong'aa. Kwa mahali penye vumbi, epuka vile vifungo vilivyozama. Kila shimo ni ghala la vumbi, na mtoto mwenye pumu atalala chini yake.

Rangi: watu wengi wana kitanda cha mninga au mkongo na wanachagua ngozi ya kahawia. Usifanye hivyo. Kahawia ya plastiki ikikaa pembeni ya mninga wa kweli inaonekana ya uongo mara moja, na mninga nao unapoteza heshima yake. Chukua rangi ya maziwa, kijivu cha jiwe, au kijani cha zeituni iliyokolea, mbao iachwe ing'are yenyewe.

Na kwa ofisi, korido na migahawa, kwa nini mnahangaika na sponji? Kuna bodi ngumu za HPL zenye chapa ya ngozi. Ni karatasi nyingi zilizolowekwa kwenye gundi ya fenoli, zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya bamba la chuma lenye mchoro. Mikoba na mabega ya watu hayazikwaruzi, unafuta kwa kitambaa, na haina kitu cha kuchubuka.

---

FundiMakochi_Dar

Mchoraji, umemaliza. Hilo la mninga nimelisema mpaka nimechoka. HPL naiunga mkono kwa sehemu za watu wengi, mradi ubao ulio chini yake nao uwe wa kuhimili maji.

---

Mama_Twaha

Fundi, na zile za kubandua nailoni na kubandika, za sponji nyembamba zenye sura ya ngozi? Zinauzwa kila kona.

---

FundiMakochi_Dar

Zile zinategemea rangi iliyopo ukutani. Pitisha kiganja: kikitoka na unga mweupe, zitaanguka, maana zimeshika unga na si ukuta. Ukuta wenye rangi ya mafuta zinashika, lakini zikitoka zinaondoka na rangi, na wewe umepanga. Zisikae karibu na jiko wala mshumaa.

Kwa utunzaji wa zile za kuvika: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuogea kidogo, kisha kausha. Spiriti, thina, jiki na maji ya kufutia vioo viondoe kabisa kwenye orodha. Pazia lifungwe saa ambazo jua linapiga ukuta huo.

Na kabla fundi hajafunga paneli ya kwanza, mwonyeshe soketi na swichi zote za ukuta huo. Boksi la soketi lisogezwe mbele hadi usawa wa uso wa paneli, na sponji ikatwe iwe mbali nalo pande zote. Soketi iliyozikwa nyuma ya sponji ikipata joto hutaliona. Kazi hiyo aifanye fundi umeme, mimi au mwenzangu yeyote wa makochi tusiiguse.

Ukishapima ukuta kwa nailoni niandikie hapa umeona nini, nitakuchorea mpangilio wa zile 18.

---

Mama_Twaha

Nimebandika leo asubuhi. Keshokutwa nitaleta majibu.